Kitabu Kikigoma Kwenye Simu: Dalili, Chanzo na Tiba

Malalamiko ya wanaosoma vitabu kwenye simu yanafanana, awe mwanafunzi wa chuo Mbeya au Iringa, mwalimu wa Njombe au mkulima wa viazi wa Makete aliyetumiwa kijitabu na bwana shamba. Kitabu hakifunguki. Kimefunguka lakini herufi ni ndogo kama nukta. Kimebadilishwa kutoka PDF (kurasa zenye upana usiobadilika) kwenda EPUB (maandishi yanayojipanga kulingana na kioo) na kimetoka kama kilichopigwa na upepo. Mengi ya haya yana mzizi mmoja: mtu amelibadilisha faili kabla ya kujua ndani yake mna nini. Na mara nyingi halikuhitaji kubadilishwa.

Maelezo haya ni ya simu za Android, kwa kuwa ndizo nyingi. Mwenye iPhone atafungua EPUB na PDF kwa programu ya Books iliyokuja na simu, na sehemu kubwa ya yanayofuata inamhusu pia.

Vipimo vitatu kabla ya kugusa chochote

Angalia ukubwa wa faili. Riwaya ya maandishi matupu yenye kurasa 200, ikiwa EPUB, kwa kawaida haizidi MB 2. Kitabu hichohicho kikiskaniwa na kuwa PDF ya picha kinaweza kupita MB 50. Ukikuta faili la KB 3 lenye jina la kitabu, hicho si kitabu.

Angalia herufi za mwisho za jina, zile zinazofuata nukta: .pdf, .epub, .mobi, .azw3, .docx. Kubadilisha herufi hizo kwa mkono si kubadilisha fomati, yaani muundo wa faili lenyewe. Faili la PDF ukiliita kitabu.epub linabaki PDF, sawa na debe la mahindi lililobandikwa karatasi ya mchele.

Kisha lifungue, ubonyeze neno moja na kushikilia. Neno likichaguliwa peke yake, ndani mna maandishi. Lisipochaguliwa, au ukurasa mzima ukashikwa kwa pamoja, mna picha za kurasa. Kuna aina ya tatu inayopotosha watu: picha iliyofichiwa maandishi nyuma yake. Neno linachaguliwa vizuri, lakini ukilinakili na kulibandika kwenye meseji unapata takataka. Kwa hiyo nakili sentensi mbili, zibandike, zisome. Sekunde kumi hizo zinaokoa jioni nzima.

Kitabu hakifunguki kabisa

Chanzo cha kwanza, tena kwa mbali, ni faili lililokatika njiani. Mtandao umepotea basi likishuka Kitonga, bando limeisha katikati, au umeme umekatika na Wi-Fi ikazima. EPUB ni furushi la zip, na orodha ya vilivyomo ndani ya furushi huandikwa mwishoni mwa faili. PDF nayo huweka ramani ya kurasa zake mwishoni. Ndiyo maana ukipata asilimia 97 ya kitabu husomi asilimia 97. Mara nyingi husomi hata neno. Linganisha ukubwa wa faili lako na ule ulioandikwa pale ulipolipata. Likipungua, lifute na ulipakue upya ukiwa mahali penye mtandao usioyumba. Jina likiishia na .crdownload au .part, upakuaji haujamalizika.

Chanzo cha pili ni kutokuwa na programu inayoijua fomati hiyo. PDF hufunguliwa na karibu kila simu. EPUB hufunguliwa na Google Play Books, ReadEra, Librera na Moon+ Reader. MOBI na AZW3 haziingii Play Books, lakini ReadEra na Librera huzisoma zilivyo. Watu wengi wanahangaika kubadilisha MOBI kuwa EPUB wakati kusakinisha ReadEra kungemaliza kazi. KFX ni ya Kindle, kisomeo cha Amazon. Usipoteze muda nayo kwingine.

Tatu, jina limevurugika. Faili likipita kwenye barua pepe au programu za kuchati linaweza kufika likiitwa kitabu.epub.zip au kitabu.bin. Tengeneza nakala kwanza, kisha ufute ile .zip ya mwisho na ujaribu kufungua. Ikigoma, ifanye nakala iwe .zip na uifungue kwa kidhibiti faili. EPUB halisi ina faili dogo linaloitwa mimetype na folda ya META-INF. Ukikuta ndani yake kuna EPUB nyingine, mtu alikifunga kitabu mara mbili. Kitoe kile cha ndani. Simu ikisema furushi limeharibika, rudi kwenye chanzo cha kwanza.

Nne, kitabu kina kufuli la kidijiti. Dalili yake ni faili la .acsm lenye KB chache, ambalo kwa kweli ni risiti ya kwenda kukichukulia kitabu kwenye programu inayokubali kufuli la Adobe, au EPUB yenye faili la rights.xml ndani ya META-INF. Faili la encryption.xml likiwa peke yake si ushahidi, maana hutumika pia kuficha fonti tu. Acha hapa. Usitafute programu za kuvunja kufuli: nyingi ni mtego wa virusi, na kazi za waandishi zinalindwa na sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999. Kisome kwenye programu ya duka ulikonunua, au wasiliana na duka hilo.

Tano, na hii ni nadra, kitabu kimefika kizima ila kimeshonwa vibaya. Kompyuta yenye Calibre, programu ya kubadilisha vitabu, inaweza kukibadilisha kutoka EPUB kwenda EPUB. Inasikika kama mzaha, lakini hapo Calibre hulijenga furushi upya, na makosa mengi madogo huondoka.

Kipo WhatsApp, lakini programu ya kusomea haikioni

Tangu Android 11, nyaraka za WhatsApp hukaa ndani kabisa: Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, WhatsApp Documents. Programu nyingi za kusomea hazichungulii huko. Fungua kidhibiti faili, nenda kwenye folda hiyo, nakili kitabu na ukiweke kwenye folda yako uliyoipa jina Vitabu. Kisha iruhusu programu ya kusomea iifikie folda hiyo kupitia Mipangilio, Programu, Ruhusa.

Kama hakipo hata huko, hukukipakua. Uliona jina lake tu kwenye mazungumzo. Faili lililokaa muda mrefu bila kupakuliwa huondolewa kwenye seva, hivyo mwombe aliyelituma alitume tena. Na usiache maktaba yako ikae ndani ya WhatsApp. Siku utakayosafisha picha na video za makundi ili kupata nafasi, vitabu vinaweza kuondoka nazo.

PDF imefunguka, lakini herufi ni ndogo na unasukuma ukurasa huku na huku

Hapa faili halina kosa. PDF imetengenezwa ikijua upana wa karatasi, mara nyingi A4 yenye sentimita 21, na simu yako ina upana wa takriban sentimita 7. Ukurasa umepunguzwa hadi theluthi ya upana wake.

Anza na njia zisizobadilisha kitu. Geuza simu ikae kwa upana. Kama haitoshi, tumia kipengele cha kukata pambizo, ambacho ReadEra na Librera wanacho. Pambizo za A4 huwa za sentimita 2 hadi 2.5 kila upande, hivyo ukizikata unarudisha karibu robo ya kioo. Kwa ukurasa wenye safu mbili, kama vipeperushi vingi vya kilimo, tafuta mtindo wa kuonyesha nusu ya ukurasa kwa wakati mmoja.

Ikishindikana, jaribu kutiririsha maandishi. KOReader inaweza kuupanga upya ukurasa ulingane na kioo, hata ule ulioskaniwa: inaikata picha neno kwa neno na kuyashusha mistari mipya. Ni ya polepole kwenye simu dhaifu na sura yake haivutii, lakini kwa kitabu kimoja cha kozi inatosha.

Kubadilisha kuwa EPUB kuwe hatua ya mwisho, na kwa vitabu vya maelezo tu. Kitabu cha hisabati, cha kemia au chenye majedwali ya viwango vya mbolea kiache kiwe PDF. Kanuni zenye sehemu na vipeo huporomoka na kuwa mstari mmoja, na 10² hugeuka 102. Mkulima akisoma kipimo kilichoporomoka namna hiyo, hasara itaonekana shambani.

Umebadilisha PDF, umepata kurasa tupu au picha tu

Kama kipimo cha tatu kilikuambia ndani mna picha, hili lilitarajiwa. Kibadilishaji hakikukuta maandishi ya kuchukua. Kukipeleka kitabu kwenye tovuti nyingine tano za kubadilisha ni kuchoma bando. Kinachohitajika kwanza ni kompyuta ilisome andiko lililo kwenye picha, ndipo ubadilishe.

Njia isiyo na gharama ni Google Drive. Programu ya Drive kwenye simu haina kipengele hiki, hivyo fungua Drive kwenye kivinjari kilichowekwa kuonyesha toleo la kompyuta, au tumia kompyuta. Lipakie faili, kisha ulifungue kwa Google Docs. Zingatia mambo matatu ambayo Google wenyewe wanayataja: faili lisizidi MB 2, herufi ziwe na kimo cha angalau pikseli 10, na ukurasa uwe umesimama wima. Kitabu kizima cha MB 50 kitakataliwa au kitatoka nusunusu. Kikate vipande vya kurasa chache, kila kimoja kisizidi MB 2. Matokeo yakija, yaunganishe kwenye waraka mmoja, soma na urekebishe, kisha kwenye programu ya Docs tumia Hifadhi kama, uchague EPUB.

Ubora wa picha ndio unaoamua. Ukipiga mwenyewe kurasa za daftari au kitabu cha zamani, weka karatasi karibu na dirisha bila jua la moja kwa moja, ikae bapa, na simu iwe juu yake sambamba. Kivuli cha mkono kikipita kwenye mstari, mstari huo utasomwa ovyo. Kwenye stesheneri, waambie waskani kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi). Chini ya 200 herufi ndogo zinagandana. 600 inaongeza uzito wa faili bila faida kwa maandishi ya kawaida.

Sasa marekebisho. Kiswahili kina zawadi mbili kwa anayesahihisha andiko la namna hii. Kwanza, mashine hupenda kuisoma m kama r na n zilizoshikana: rnwalimu, rnama, rnchana. Katika Kiswahili herufi hizo mbili hukutana kwa nadra sana, zaidi katika majina ya watu wa nje, kama Bernard. Tafuta "rn" yote na uibadilishe kuwa "m", ukipitia majina kwa jicho. Pili, maneno yetu karibu yote huishia na irabu. Pitisha macho ukitafuta neno lililoishia na konsonanti. Ukiondoa majina na maneno machache ya mkopo, hapo pana kosa. Kagua pia l iliyogeuka tarakimu 1 na ritifaa iliyodondoka: ng'oa na ngoa si neno moja.

Acha hapa kama ni andiko la mkono la zamani, gazeti lililofifia, au kitabu cha kurasa zaidi ya mia moja unachokihitaji wiki hii. Mpe kazi hiyo mtu mwenye skana ya kulisha karatasi na programu ya kutambua maandishi kwenye kompyuta. Bei mpatane kwa ukurasa, na uombe ukurasa mmoja wa mfano kabla hujalipa.

Maandishi yametoka, lakini mistari imekatikakatika

PDF haijui aya. Inajua tu kwamba herufi fulani iko mahali fulani kwenye karatasi. Kibadilishaji ndicho kinachokisia wapi aya imeisha, na makisio yake yana makosa yanayojirudia.

La kawaida ni kila mstari kuwa aya yake. Tovuti za kubadilisha na programu nyingi za simu hazina dawa yake, Calibre inayo. Ni programu ya kompyuta, ya bure, na haina toleo la simu, hivyo hapa unahitaji kompyuta ya rafiki au ya stesheneri. Kwenye dirisha la kubadilisha, fungua Heuristic Processing, uiwashe, na uache kuunganisha mistari kukiwa na alama ya tiki. Kipimo chake huanza na 0.4. Mistari mingi ikibaki imekatika, badilisha namba hiyo kidogokidogo, ujaribu tena na kuangalia sura moja tu kabla ya kurudia kitabu kizima.

Onyo kwa wapenzi wa ushairi na wenye vitabu vya nyimbo za kanisani: usiwashe kipengele hicho. Kitaunganisha mishororo yote minne ya ubeti iwe aya moja, vina vikapotea katikati ya maneno. Mashairi yabadilishe bila kuunganisha mistari, na mshororo wa mizani 16 ukikunjika kwenye kioo, punguza herufi au laza simu.

Kosa linalofuata kwa wingi ni namba za kurasa na kichwa cha sura kujitokeza katikati ya sentensi: "aliingia ndani 47 SURA YA TATU akaketi." Kuikata PDF juu na chini kabla ya kuibadilisha husaidia pale tu programu inapoyaondoa kabisa maandishi hayo, si kuyaficha. Kuyafuta kwa kutafuta na kubadilisha kunawezekana, ila ukikosea utafuta na miaka iliyomo kwenye habari.

Safu mbili zikichanganyika, mstari wa kushoto ukifuatwa na wa kulia, usihangaike sana. Rudi kwenye PDF na uisome kwa nusu ukurasa. Muda wa kuinyoosha habari hiyo ni mrefu kuliko wa kuisoma.

Na kabla ya yote haya, muulize aliyekupa PDF kama ana faili la Word. Kitini cha mhadhiri au kijitabu cha kikundi cha ushirika kilianzia Word. Kutoka DOCX kwenda EPUB, aya, vichwa na picha huja na mpangilio wake, na kazi ya saa tatu inakuwa ya dakika tatu.

Ng'ombe amegeuka ngâ€™ombe

Hili linawasumbua wasomaji wa Kiswahili kuliko wa lugha nyingine nyingi, kwa sababu ya ng' yetu. Ritifaa zipo mbili: iliyonyooka, ', inayotoka kwenye kicharazio, na iliyopinda, ’, ambayo Word huiweka yenyewe. Ile ya kwanza inaeleweka popote. Ya pili, katika usimbaji (namna kompyuta inavyoandika herufi kwa namba) uitwao UTF-8, huandikwa kwa baiti tatu, yaani namba tatu. Programu ikidhani faili limesimbwa kwa Windows-1252, usimbaji wa zamani zaidi, inazionyesha baiti hizo kama herufi tatu: â€™. Kwa hiyo alama hizo zinakuambia faili ni UTF-8 na programu imekosea. Nenda kwenye mipangilio ya kitabu, tafuta usimbaji wa herufi, uchague UTF-8.

Ukiona badala yake almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza, mambo ni kinyume: faili ni Windows-1252 na programu inalisoma kama UTF-8. Chagua Windows-1252. Kasoro hii hutokea zaidi kwenye mafaili ya .txt ya zamani.

Kama kubadilisha usimbaji hakusaidii, kosa lilishapigwa chapa ndani ya kitabu na mtu aliyebadilisha kabla yako. Hapo unatafuta na kubadilisha, kwa mpangilio: kwanza â€™ iwe ', kisha â€œ iwe “, halafu â€“ iwe –, na mwisho kabisa â€ iliyobaki iwe ”. Ukianza na hiyo fupi utaziharibu zile ndefu, maana zote zinaanza nayo.

Ndugu wa tatizo hili ni utafutaji usiopata kitu. Unaandika ng'ombe, programu inasema hakuna, na ng'ombe unamwona pale kwenye kioo. Kitabu kina ritifaa iliyopinda, wewe umeandika iliyonyooka. Tafuta "ombe" tu.

Vijisanduku badala ya herufi ni jambo jingine. Fonti haina umbo hilo, kwa mfano aya za Kiarabu au alama za fonetiki. Chagua fonti ya Noto au ile ya simu yenyewe, badala ya fonti ya kitabu.

Maneno yanakatwa ovyo, na sauti inasoma Kiswahili kama mtalii

Dalili mbili, chanzo kimoja. Ndani ya EPUB kuna sehemu inayotaja lugha ya kitabu. Watengenezaji wengi huiacha iseme "en". Programu inakata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, na silabi za Kiswahili zinapasuliwa: badala ya kupata wa-na-po-ku-ja unakuta "wanap-" juu na "okuja" chini. Sauti ya kusoma nayo inachukua msomaji wa Kiingereza.

Kwa haraka, zima ukataji wa maneno kwenye mipangilio ya programu na uchague upangaji wa kushoto badala ya kujaza pande zote. Kwa sauti, ingia kwenye Mipangilio ya simu, sehemu ya lugha au ufikivu, utafute usomaji wa maandishi kwa sauti, chagua injini ya Google na upakue sauti ya Kiswahili ukiwa na mtandao. Ikishashuka inasoma bila bando.

Kwa kudumu, ifungue taarifa ya kitabu kwenye Calibre, badilisha lugha kuwa Kiswahili, na ukitoe upya. Katika kitabu lugha yetu huandikwa "sw".

Picha zimepotea, au orodha ya sura haipo

Picha hupotea pale mtu alipopita kwenye TXT, ambayo haibebi picha kabisa. Rudi kwenye faili la asili, ubadilishe moja kwa moja. Orodha ya sura hukosekana kwa sababu vichwa vilinenepeshwa tu kwa mkono. Kwenye Word au Google Docs, vipe mtindo wa kichwa, kisha utoe EPUB upya.

Kindle inakataa kitabu

Amazon ilianza kupokea EPUB kwa huduma yake ya kutuma vitabu mwaka 2022, na MOBI haipokelewi tena. Maelekezo mengi ya zamani bado yanasema kinyume. Usiibadilishe EPUB kuwa MOBI. Tumia kitufe cha kushiriki kwenye simu, chagua Kindle, na usubiri. Kitabu kinapanda kwenye seva na kushuka upya, kwa hiyo mtandao unahitajika mara zote mbili.

Programu inajifunga, inakwama, au imesahau ulipoishia

Kwa simu yenye RAM ya GB 2 au chini yake, PDF ya picha yenye MB 100 ni mzigo. Funga programu nyingine, kisha uigawe PDF kwa sura. Angalia nafasi pia: hifadhi ikikaribia kujaa, programu inashindwa kuandika ukurasa uliofikia na inakurudisha mwanzo. Acha angalau GB 1 wazi.

Simu nyingine huua programu zilizo nyuma ili kuokoa betri. Iondoe programu ya kusomea kwenye orodha ya kubaniwa betri.

Ikibidi kusafisha, futa akiba ya muda, si data. Kufuta data, au kuiondoa programu na kuisakinisha tena, mara nyingi kunaondoa alama za kurasa na maelezo uliyoandika pembeni, hata kama kitabu chenyewe kimebaki. Mwanafunzi anayejiandaa na mtihani ahifadhi nakala ya maelezo yake kwanza. Programu nyingi zina njia ya kuyatoa kama maandishi.

Programu usiyoijua ikiomba ruhusa ya kusoma meseji au namba za simu ili tu ifungue kitabu, ikatae na uiondoe. Faili la .apk lililosambazwa kwenye kundi kwa jina la kitabu usilifungue. Kitabu hakisakinishwi.

Kupeleka kitabu stesheneri na kukirudisha salama

Flashi inayozunguka kwenye kompyuta za watu wengi mara nyingi hurudi na virusi, na dalili yake ni folda zako kugeuka njia za mkato. Ni salama zaidi kujitumia faili kwa Drive. Ukitumia WhatsApp kwenye kompyuta hiyo, kabla hujaondoka fungua simu yako, ingia Vifaa vilivyounganishwa, uikate. Barua pepe nayo ondoka. Vyeti, mikataba ya viwanja na karatasi za hospitali usizipakie kwenye tovuti za kubadilisha za bure. Hujui nakala inakaa wapi.

Simu inazima asubuhi, au inagoma kuchaji

Juni na Julai, Kitulo, Makete na Njombe huwa na baridi kali, na asubuhi nyingine umande huganda. Betri ya lithiamu ikipoa sana hutoa nguvu kidogo, na simu inayosema asilimia 25 inazima ghafla ukiwa ukurasa wa kumi. Apple, kwa mfano, inaelekeza simu zake zitumike kati ya nyuzi joto 0 na 35. Ibebe mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ikipata joto chaji hurudi. Usiiweke kando ya jiko la mkaa, na usiichaji ikiwa bado ni baridi kama barafu.

Ukitoka kwenye ukungu au mvua ya Tukuyu na kuingia jikoni penye moto, unyevu hujikusanya kwenye tundu la chaji. Simu ikitoa onyo la unyevu, chomoa waya, ielekeze tundu chini, uiache mahali penye hewa. Usiizike kwenye mchele. Vumbi na vipande vya punje huingia tunduni.

Acha kabisa na umpelekee fundi ukiona mojawapo ya haya. Mfuniko wa nyuma umeinuka au kioo kimejitenga: betri imevimba. Zima, usichaji, usiibonyeze wala kuitoboa. Simu inapata joto hata ikiwa imelala bila kazi. Au kadi ya memori yenye vitabu inaomba ifomatiwe: gusa hapana, itoe, na usiandike kitu kingine juu yake, kwa sababu kila kitu kipya kinachoandikwa kinafunika kile ambacho fundi angeweza kukirudisha.